MS-DOS 6.22 na saraka zake: Jumatatu inaenea, mishahara haienei

Mwezi uliopita niliitoa stoo kompyuta yangu ya zamani, 486 yenye kumbukumbu ya MB 4 na diski ya MB 210, nikaifuta vumbi, nikaiwasha. Ikaguna kidogo, kisha ikaniwekea alama yake ya kungoja amri, C:\> kana kwamba tuliagana jana. Mjukuu wangu akasogea: "Bibi, folda ziko wapi?" Nikamwambia hapa folda, yaani saraka, huzioni, unaziandika. Hakuniamini. Basi naandika tathmini hii ya MS-DOS, mfumo wa kuendesha kompyuta kwa kuandika amri, kitu nilichotunzia mishahara ya vibarua wa mkonge miaka saba.

DOS ya kwanza, ya 1981, haikuwa na saraka ndani ya saraka. Mafaili yote yalirundikwa pamoja kama nguo kwenye tenga. Saraka zilikuja na toleo la 2.0, mwaka 1983. Kwa kuwa mkwaju wa kawaida (/) ulikwisha kutumika kwenye amri, njia ya kufikia saraka ikaandikwa kwa mkwaju uliogeuzwa (\). Hii 6.22 ni ya 1994, na kazi yenyewe ni nyepesi: MD kufungua saraka, CD kuingia, CD.. kurudi nyuma.

Shida ni majina. Herufi nane, basi. Ukiandika MD MISHAHARA haikuulizi wala haikuonyi, inakata A ya mwisho, unabaki na MISHAHAR. MAHUDHURIO yakawa MAHUDHUR. WAFANYAKAZI na WAFANYABIASHARA waliponea herufi moja tu, WAFANYAK na WAFANYAB. Lakini angalia kalenda yetu! SEPTEMBA herufi nane, FEBRUARI nane, JUMATATU nane, ALHAMISI nane, JUMAPILI nane. Miezi yote na siku zote za wiki zinaenea bila kukatwa. Bosi wangu aliyependa kuandika Kiingereza hakuweza kuimaliza September wala Wednesday, na mimi sikumwonea huruma.

Basi nikapanga hivi: C:\MISHAHAR\1996\SEPTEMBA, na ndani yake faili moja kwa kila kambi ya vibarua. Ngazi tatu. Usizidishe sana, maana njia nzima haivuki herufi 63 pamoja na mikwaju yake. Ukitumia majina ya herufi nane nane, ngazi ya saba ndiyo mwisho. Tena kila saraka, hata tupu, kwenye diski kama yangu inakula KB 4. Siku hizi hilo ni jambo la kuchekesha. Wakati ule nilikuwa nahesabu. Ila usiache kufungua saraka ukaweka kila kitu juu kabisa: saraka kuu ya diski inapokea majina 512 tu, baada ya hapo inakataa hata kama nafasi bado ipo tele.

Ninachokipenda zaidi ni TREE. Inakuchorea matawi yote, shina mpaka kijiti. Ukitaka kuichapa kwenye karatasi ongeza /A, la sivyo printa inaweza kukutolea herufi za ajabu mahali pa mistari.

Sasa ubaya. Huwezi kuhamisha saraka nzima kwa amri moja. MOVE itaibadilisha jina, lakini haiipeleki chini ya saraka nyingine. Lazima uinakili kwa XCOPY, kisha uifute ya zamani kwa DELTREE. Mwanzoni mwa 1997 nikataka kuupeleka mwaka 1996 kwenye saraka ya KALE. Nikaandika XCOPY, ikaniuliza hili ni faili au saraka, nikabonyeza D, ikajibu imenakili faili 1. Faili moja! Ilikuwa JUMLA.TXT iliyokaa peke yake juu ya miezi. Nilisahau kuweka /S, na bila hiyo XCOPY haishuki kwenye matawi. Nami nilikuwa nawahi basi la saa kumi. Nikapiga DELTREE, ikauliza mara moja tu, nikajibu Y, miezi kumi na miwili ikaenda. UNDELETE nayo, amri ya DOS ya kurudisha vilivyofutwa, hairudishi saraka iliyoondolewa wala mafaili yaliyokuwamo. Disketi zangu za akiba zilifika Juni. Julai hadi Desemba niliandika upya kutoka kwenye karatasi za malipo, jioni tisa.

Kwa hiyo nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya DELTREE. RD ya kawaida ni ya kiungwana zaidi, maana inakataa kuondoa saraka ambayo bado ina kitu ndani. Kwa mtu mwenye kumbukumbu chache na subira ya kuandika amri, bado naisifu: inakulazimisha ujue kitu chako kiko wapi, kwa kuwa usipokijua hakuna picha ya kukuonyesha.

Mjukuu mwishowe akaomba afungue saraka yake mwenyewe. Akaandika MD ABDULRAHMAN, akapiga DIR kuona orodha, akakuta ABDULRAH. Akanigeukia: "Bibi, imenikata mkia."