Tahadhari: mashine ya kupasulia magogo iliyotumika, inayotangazwa kuwa ya tani 30

Ninaandika kumtahadharisha yeyote anayetafuta mashine ya kupasulia magogo iliyotumika, kwa sababu muuzaji aliyeniuzia mashine mbovu bado anaitangaza mashine ile ile, kwa picha zile zile, ilhali mashine yenyewe imo bandani kwangu tangu siku nilipomlipa. Sitamtaja jina wala kutoa namba yake. Nitaeleza alivyonihadaa, na nitaeleza pia vipimo ambavyo vingeniokoa, ambavyo vyote kwa pamoja havichukui zaidi ya saa moja.

Nilipofika kuiona, injini ilikuwa tayari inanguruma. Alisema ameiwasha mapema ili asinipotezee muda, nami nikamwona muungwana. Kando yake palikuwa na magogo sita hivi, mafupi, makavu, yaliyonyooka, yasiyo na fundo hata moja, na kila moja lilipasuka mara tu lilipoguswa na kabari. Silinda, yaani bomba nene lenye pistoni inayosukumwa kwa mafuta ili kupasua gogo, iling'aa kwa rangi mpya, na nilipoigusa, rangi ile ilibaki kwenye kidole changu. Nilijipangusa kwenye suruali nikaendelea kumsikiliza. Leo najua kwamba mambo yote matatu yalikuwa yameandaliwa: injini iliyokwisha kupata moto haikuonyeshi jinsi inavyosumbua kuwaka ikiwa baridi, rangi mbichi hufunika mafuta yanayochuruzika kwenye shingo ya silinda, na gogo kavu lisilo na fundo hupasuka hata kwa shoka.

Nyumbani mashine ilifanya kazi vizuri kwa muda wa dakika ishirini. Kisha nikaweka gogo bichi lenye fundo, kabari ikaingia kiasi cha vidole viwili, ikasimama. Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba injini iliendelea kunguruma kwa sauti ile ile, kama vile haikuwa na mzigo wowote. Fundi alipoifungua silinda tulikuta sili za pistoni, yaani pete zinazozuia mafuta yasipite pembeni yake, zimelika na ukuta wa ndani una mikwaruzo mirefu ambayo ukucha uliweza kuihisi, kwa hiyo mafuta yaliyopaswa kuisukuma pistoni yalikuwa yakipita pembeni yake na kurudi kwenye tangi. Nilipompigia simu muuzaji, alisema kwanza kwamba kuni zangu ni mbichi mno, na baada ya hapo hakupokea tena.

Sababu ya mashine kufanya vizuri mbele ya mnunuzi na kushindwa baadaye ni joto la mafuta. Mafuta ya haidroliki yakiwa baridi huwa mazito, na uzito huo huziba kwa muda nafasi zilizoachwa na sili au pampu iliyochakaa. Yakipata joto huwa mepesi na kupenya kila mahali palipolika. Kwa hiyo, usiridhike na magogo machache ya maonyesho. Omba ukute mashine ikiwa baridi kabisa, na kabla haijawashwa weka kiganja kwenye injini na kwenye tangi la mafuta uhakikishe. Iwashwe mbele yako, uhesabu sekunde ambazo pistoni inatumia kwenda hadi mwisho na kurudi bila gogo, kisha ifanye kazi mfululizo kwa nusu saa, nawe uhesabu tena. Ikiwa pistoni sasa inakwenda polepole zaidi waziwazi, kuna uchakavu ndani. Baada ya hapo iache pistoni ifike mwisho wa safari yake, halafu ushikilie mkono wa vali, yaani kishikio cha kuendeshea pistoni, kwa sekunde mbili au tatu. Mashine nzima italemewa, mlio wa injini utabadilika, na utasikia vali ya usalama, ile inayofunguka presha ikizidi, ikiachia presha. Injini isipolemewa kabisa, presha haijengeki, na hapo huna sababu ya kuendelea na mazungumzo ya bei. Usichanganye dalili hii na pistoni kupunguza mwendo inapokutana na gogo gumu, kwani mashine nyingi zina pampu ya hatua mbili ambayo hukimbia ikiwa haina mzigo na hupunguza kasi ili kuongeza nguvu inapokutana na ukinzani. Hiyo ni tabia yake ya kawaida. Beba gogo lako mwenyewe, bichi na lenye fundo. Muuzaji akilikataa, amekwisha kukujibu.

Sasa niseme juu ya tani 30, kwa maana hapo ndipo nilipodanganywa kwa namna ambayo hata mtu asiye fundi angeweza kuigundua. Stika iliyobandikwa ubavuni iliandikwa tani 30, nami nikaiamini. Nguvu ya mashine hizi hutokana na eneo la pistoni likizidishwa kwa presha ya mafuta, wala haitokani na ukubwa wa injini peke yake. Nilipoizungushia silinda utepe wa kupimia nilipata sentimita 36. Ukigawa kwa 3.14 unapata kipenyo cha nje cha sentimita 11.5 hivi, na ukiondoa unene wa chuma wa pande zote mbili, ambao kwa silinda za ukubwa huo huwa kati ya sentimita moja na mbili kwa jumla, kipenyo cha ndani kinabaki karibu sentimita 10. Pistoni ya kipenyo hicho ina eneo la sentimita za mraba 78.5. Mashine nyingi za aina hii hufanya kazi kwa presha ya takriban kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo nguvu yake ni kilo 15,700, yaani chini kidogo ya tani 16. Ili silinda hiyo itoe tani 30, presha ingelazimika kukaribia kilo 380, kiwango ambacho pampu na mipira ya kupitishia mafuta ya mashine za kawaida haikutengenezwa kukihimili. Vinginevyo silinda ingehitaji kipenyo cha ndani cha karibu sentimita 14. Tani 16 zinatosha kwa magogo mengi, na ningeinunua kwa bei ya tani 16 kama ingekuwa nzima. Na ukiambiwa kwamba nguvu itaongezeka ukikaza skrubu ya vali ya usalama, usikubali, kwa sababu kinachofuata ni mpira kupasuka au chuma kupinda.

Fungua pia kifuniko cha tangi. Mafuta yenye rangi ya maziwa yameingiwa na maji. Fimbo ya pistoni ikiwa na vishimo vya kutu itazila sili mpya mara tu utakapozibadilisha. Angalia mahali kabari ilipochomelewa kwenye boriti, yaani chuma kirefu kinachobeba gogo, na penye rangi mpya pakwaruze kwa ruhusa ya mwenyewe, kwani ufa uliochomelewa juu juu hufunguka tena. Kwa maoni yangu, injini mbovu si sababu kubwa ya kukataa kama silinda iliyokwaruzika au boriti iliyopinda, maana injini ndogo hubadilishwa kwa urahisi.

Katika kukagua, tafadhali usipapase mipira kwa mkono ili kutafuta mahali panapovuja. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano kwa presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo huhitaji upasuaji wa haraka. Tumia kipande cha boksi, usimame mbali. Vilevile, mashine iliyoundwa iendeshwe kwa vishikio viwili ili mikono yote iwe mbali na kabari, kisha kishikio kimoja kikafungwa kwa waya, iache hapo hapo hata ikiwa bei yake inavutia, maana hujui ni nini kingine kilichofungwa kwa waya ndani yake.

Muuzaji ninayemzungumzia sasa anawaomba watu arubuni kabla hawajaiona mashine, akidai kwamba wapo wengine wanaoitaka. Katika picha anazotumia, kabari ina pengo dogo kwenye makali yake upande wa kulia, na stika ya tani 30 imebandikwa ikiwa imeinama kuelekea kwenye gurudumu. Mashine yenye alama hizo mbili iko kwangu, silinda yake ikiwa imefunguliwa juu ya meza, na hakuna mtu yeyote anayeweza kukuuzia.