Miezi miwili na kifaa cha umeme kichwani: uzoefu wangu

Nafanya zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate, Eneo la Viwanda, Nairobi. Saa moja na nusu asubuhi niko nyumbani Umoja, na hapo ndipo shida huanza: mwili umechoka kabisa, usingizi hauji. Nageuka huku, nageuka kule, fundi wa mageti ploti ya pili keshaanza kugonga vyuma, saa nzima inapita macho makavu. Niliposikia kuna kifaa kinachotuliza mawimbi ya ubongo kwa umeme mdogo, bila sindano wala kupasuliwa, nilitoa shilingi 32,000, pesa yangu ya chama, nikakinunua kwa mtu aliyetoka nacho Marekani. Mtengenezaji simtaji.

Ubongo una midundo yake ya umeme. Mjerumani Hans Berger ndiye aliyeipima kwa binadamu mara ya kwanza, mwaka 1924, na akachapisha mwaka 1929. Mdundo wa alfa aliouona, mawimbi kama 8 hadi 13 kwa sekunde, huongezeka mtu akitulia na kufumba macho. Kifaa hiki hupitisha mkondo unaokwenda na kurudi mara 10 kwa sekunde kupitia sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, moja kwenye paji la uso, nyingine kisogoni. Tumaini ni kwamba seli za ubongo zitaufuata mdundo huo, kama makofi ya watu wachache yanavyokokota kanisa zima.

Mama aliponiona nacho alishtuka. "Mwanangu, unajipiga shoti?" Nikamweleza kwamba ile shoti ya hospitalini ya kutibu ugonjwa wa akili, mkondo wake hufika kama miliampea 800, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi, tena lengo ni kuleta mtukutiko. Hiki ni miliampea 1, kinatumia betri. Akaniombea hata hivyo.

Sasa nywele, maana hapa ndipo nilipoteseka. Picha zote za maelekezo zina watu wa nywele laini. Mimi nilikuwa na rasta, nimesukwa wiki iliyotangulia. Sponji ya kisogoni ikakaa juu ya rasta, ngozi haikuigusa, kifaa kikawasha taa nyekundu na kukataa. Nikafumua kichwa kizima. Nikasukwa twende kilioni, mistari imeachana vizuri, na kila asubuhi mdogo wangu akawa anapitisha pamba yenye maji ya chumvi kwenye kila mstari wa ngozi mpaka kola inalowa. Hapo taa ikageuka kijani. Mwenye nywele kama zetu na ajue hili kabla hajatoa hela yake.

Siku ya nne sponji ya mbele ilikauka kazi ikiwa katikati. Ikaanza kunichonyota, nikavumilia, nikidhani ndiyo dawa inaingia. Kumbe sponji ikikauka, umeme wote hujikusanya kupitia kile kipande kidogo kilichobaki na maji. Nilitoka na doa jekundu la ukubwa wa punje ya hindi, likakaa wiki nzima. Tafadhali, ikichoma, zima.

Kisha kulikuwa na vimulimuli. Nikifumba macho naona mwanga unachezacheza pembeni, nikafurahi, nikaamini ubongo umeitika. Daktari wa mishipa ya fahamu niliyemwendea alinirekebisha kwa upole: ni umeme unaogusa retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kwa kuwa sponji iko karibu na jicho. Aliniuliza kama nina kifafa, chuma kichwani au kifaa cha kusaidia moyo, maswali ambayo muuzaji hakuniuliza hata moja. Akaniambia pia kuhusu utafiti wa mwaka 2018, mtaalamu wa ubongo György Buzsáki akiwa mmoja wa watafiti, uliopima kwenye maiti na kuona kwamba kama robo tatu ya umeme huo hupotelea kwenye ngozi na fuvu.

Nikaamua kupima mwenyewe. Nilishusha umeme hadi nusu miliampea ili vimulimuli vipotee. Mdogo wangu akawa anarusha sarafu: upande mmoja ananiachia umeme dakika 20, upande wa pili anauzima kimya baada ya sekunde 30, kama watafiti wanavyofanya, ili ule muwasho wa mwanzo niusikie siku zote na nisijue leo ni upande upi. Baadaye nikijilaza nitafute usingizi, ananiita kwa sauti ya chini kila dakika 5. Nisipoitika, anaandika saa.

Siku 14. Nane zenye umeme, wastani dakika 24 mpaka nisinzie. Sita zisizo na umeme, dakika 26. Kabla ya kifaa ilikuwa zaidi ya saa nzima!

Niliikodolea macho ile karatasi kwa muda mrefu. Nusu miliampea ni kidogo, na inawezekana nguvu zaidi ingeleta tofauti. Ila kilichokuwepo siku zote 14 ni pazia lililofungwa, simu iliyozimwa, na dakika 20 za kufumba macho bila kufanya lolote, na hilo Berger aliliona linapandisha alfa bila waya wowote.

Kifaa kiko juu ya kabati ndani ya boksi lake. Nimerudisha rasta zangu. Pazia nafunga, simu nazima, nalala chali dakika zangu 20. Siku nyingine mdogo wangu huniita kutoka jikoni, kwa ile sauti ya chini, anipime. Siitiki.