Waya wa 4 geji uliokuwa mwepesi kupita kiasi: nilivyobadilisha nyaya za amplifaya kwenye Probox yangu, Mtwara

Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kilomita kumi hivi, lakini msafara wa harusi unakwenda mwendo wa kinyonga, na muziki uko juu njia nzima. Tulipofika nikanusa plastiki inaungua. Nikafungua boneti. Nyumba ya fyuzi iliyo karibu na betri ilikuwa imelainika na kupinda upande mmoja kama mshumaa ulioachwa juani. Fyuzi yenyewe, ya ampea 100, ilikuwa nzima kabisa.

Gari ni Probox. Nimeifunga sabufa moja ya inchi 12 na amplifaya ya klasi D ya wati 500 za kweli, zile za RMS, si zile elfu kadhaa zinazoandikwa kwenye boksi. Ninaikodisha kwenye harusi na matangazo, na ikifika Oktoba, korosho zikianza kuuzwa, simu haipumziki. Kwa hiyo ikizima katikati ya msafara, ni jina langu linaloharibika.

Nyaya nilikuwa nimenunua seti kamili kwa shilingi 45,000: waya mwekundu mita 5, mweusi mita moja, fyuzi na nyaya za mawimbi ya sauti. Juu ya ganda imeandikwa 4 geji, geji ikiwa ni kipimo cha unene wa waya, na kwa unene wa ganda ungeamini. Siku ya pili nikampelekea fundi umeme wa magari pale Magomeni ya hapa Mtwara. Akaukata, akaunyoosha mbele ya macho yangu: ganda nene kama la bomba, chuma cha ndani kidogo. Akachukua wembe, akakwangua uzi mmoja. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe.

"Kaka, hii ni alumini imepakwa shaba," akasema. "Ulinunua mpira."

Sikutaka kubishana kwa maneno, nikamenya mita moja nikaipeleka kwenye mizani ya duka la jirani. Gramu 40 na kidogo. Shaba tupu ya 4 geji, yaani milimita za mraba 21, ingefika karibu gramu 190 kwa mita. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwa kuwa alumini ni nyepesi, lakini hata ukilihesabu hilo, waya wangu haukuzidi milimita za mraba 10 sana. Na alumini hupitisha umeme kwa asilimia 61 tu ya shaba yenye unene uleule. Hasara juu ya hasara.

Hesabu ya ampea fundi aliifanya kwenye kipande cha boksi. Amplifaya ya klasi D hupoteza karibu robo ya umeme kwa joto, kwa hiyo ili itoe wati 500 inahitaji kula wati 667 hivi. Gawa kwa volti 13.8 gari likiwa linawaka, unapata ampea 48. Ingekuwa klasi AB, inayopoteza karibu nusu, ingedai ampea 72 kwa kelele ileile. Wengi tunaruka hatua hii, tunakimbilia kuuliza duka lina geji gani.

Tukacheza mlio wa besi usiokatika, tukapima. Ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya amplifaya: volti 0.7 zilikuwa zinapotelea njiani. Upande wa athi, yaani waya mweusi unaorudisha umeme kupitia bodi, zikapotea 0.5 nyingine, kwa sababu aliyefunga mwanzo alibana bolti juu ya rangi ya bodi bila kuikwangua. Betri inasoma 13.6, amplifaya inapata 12.4. Volti 0.7 kwa ampea 48 ni zaidi ya wati 33 zinazogeuka joto, na sehemu ya hizo ilijikusanya pale waya ulipolegea kwenye nyumba ya fyuzi. Ndiyo maana fyuzi haikukatika. Fyuzi hukatika umeme ukizidi, na hapa umeme haukuzidi, ila ulikuwa unapita kwenye kiungo kibovu. Tena ampea 100 kwa waya mwembamba namna ile ni hatari ya moto: ungegusa bodi, waya ungeweza kuungua kabla ya fyuzi.

Tulichofunga badala yake ni waya wa mashine ya kuchomelea, shaba, milimita za mraba 25, mita 6 kwa shilingi 132,000. Niliukwangua dukani kabla ya kulipa, na muuzaji hakukasirika. Una nyuzi nyembamba nyingi, unapinda bila kuvunjika, tofauti na waya wa umeme wa majumbani ambao ni mgumu na hauvumilii mtikisiko wa gari. Ganda lake halipendi oili, kwa hiyo tumeupitisha ndani ya paipu la mikunjo, mbali na ekzosi, na pale unapotoboa bodi tumeweka mpira. Athi ni waya uleule, unene uleule, bodi imekwanguliwa hadi chuma king'ae. Fyuzi ni ya ampea 80, haifiki sentimita 30 kutoka kwenye betri.

Kipimo kipya: 0.2 upande wa chanya, 0.1 upande wa athi. Nimefanya misafara minne tangu hapo, nyumba ya fyuzi naishika kwa mkono.

Sauti je? Imeongezeka kidogo sana, na mtu asikudanganye kwamba waya mnene utaifanya sabufa ya wati 500 igeuke ya 1,000. Nilichopata ni kwamba amplifaya haizimi tena ikipata joto. Taa za mbele bado zinafifia kidogo besi ikigonga gari likiwa limesimama, maana altaneta ikizunguka taratibu haitoi umeme wa kutosha, na hilo waya hauwezi kulitibu. Muuzaji mmoja alinishauri nifunge kapasita, kifaa kinachotunza umeme kidogo na kuutoa besi ikigonga. Sijafunga, na kwa kiwango hiki sioni haja.

Kwa anayetaka wati 1,000 kwa urefu huuhuu wa gari, ampea zinakaribia 100. Mimi ningekwenda milimita za mraba 35 na nisingegusa kitu chochote chenye alumini, hasa sisi wa Shangani tunaolaza magari karibu na bahari. Ncha za ule waya wa zamani zilikuwa zimeota unga mweupe ndani ya miezi mitatu. Hizi mpya nimezipaka grisi, na kila baada ya wiki mbili nafungua buti kuzitazama. Ukijani bado.