Taroti kwenye mchezo wetu wa mezani: karata tamu, muuzaji shubiri

"Dada, hizo ni za kupigia ramli, siyo za kuchezea." Hilo ndilo jibu nililopewa na muuzaji. Nilikuwa nimemuuliza jambo moja tu: kwa nini karata moja kati ya zote 78 za pakiti yangu ya taroti, karata za picha, imekatwa kubwa kuliko wenzake?

Niwaeleze. Tuna kikundi chetu cha michezo ya kuigiza ya mezani, ile ya mazimwi, wachawi na ngome zilizolaaniwa. Kila mtu ana mhusika wake, mimi ni msimulizi. Dadu zilishatuchosha, nikasema tujaribu taroti. Karata ziitwazo ndogo ziamue kama upanga umepata au umekosa, na zile 22 ziitwazo kubwa (kwa uzito, siyo kwa vipimo), zenye majina kama Kifo, Mnara na Shetani, zikae rundo lao pembeni kwa ajili ya mambo mazito: daraja linakatika, mfalme anageuka msaliti, vuta karata.

Na jamani, ilinoga! Dadu haina kumbukumbu, inaweza kukutolea moja hata mara nne mfululizo. Karata ikishatoka imetoka, hairudi mpaka uchanganye upya. Basi watu wakaanza kuhesabu mikosi iliyobaki. "Kifo kimeshapita, Mnara bado," mtu ananong'ona, na hapo ndiyo kwanza tunasukuma lango la ngome. Dada mmoja alivuta yule Mtu Aliyening'inizwa mguu mmoja wakati wa kuunda mhusika wake, akaamua shujaa wake aliwahi kutundikwa na askari wake mwenyewe. Hadithi nzima ikatoka pale. Dadu gani itakupa hiyo?

(Shangazi alipita siku moja akamkuta Shetani mezani kando ya bakuli la bisi. Maombi yaliyofuata siyasimulii.)

Sasa balaa. Karata iliyozidi ukubwa, kati ya zote, ni Mnara! Ile ya radi, taji linaruka, watu wawili wanaporomoka kichwa chini, kama Pamela Colman Smith alivyoichora kwa toleo la London la 1909. Kwenye pakiti yangu ukingo wake unachomoza kidogo sana, jicho halioni, lakini ukipitisha kidole gumba ubavuni mwa rundo unakwama. Na nani aligundua wa kwanza? Anayecheza mwizi, bila shaka. Zamu yake ikifika anapapasa rundo huku akijifanya anawaza, kisha anavuta ya chini yake. Baada ya wiki chache meza nzima inapapasa. Ngome yangu yenye laana imekuwa mahali pa matembezi, hakuna anayeogopa chochote.

Nikamtumia muuzaji picha. Akajibu: "Karata ikijitokeza hivyo ina ujumbe wako." Ujumbe wangu! Ujumbe ninaoutaka ni wa pesa yangu kurudi. Halafu huyu anayejifanya mjuzi hajui anachokiuza. Taroti ilianza Italia ya kaskazini karne ya 15 kama mchezo wa karata, wenye turufu zake na mabishano yake, na Wafaransa wanaucheza mpaka leo. Mambo ya ramli yalishika kasi Ufaransa karne ya 18. Kwa hiyo wa kuambiwa "siyo za kuchezea" ni mimi au yeye?

Nilitaka kutoa nyota moja. Lakini nikikumbuka ule usiku wa kwanza, kabla kidole cha mwizi hakijafika kwenye ule ukingo, mkono unakataa. Taroti kwa mchezo huu ni nne, hata tano, ila nunueni kwa mtu atakayewaruhusu kufungua boksi na kupitisha kidole kabla ya kulipa. Pakiti hii niliyonayo, mbili. Hapana, moja na nusu, maana nimemaliza tu kuandika hapo juu na ujumbe wake mwingine umeingia: ati niongeze pesa aniuzie vifuko vya plastiki vya kuficha kasoro. Nikamuuliza vipimo. Milimita 63 kwa 88, yaani vya karata za kawaida. Taroti zangu ni 70 kwa 120. Nikamwambia hazitaingia. Kanijibu: "Zikunje."