Zabibu zilizovilia mkononi mwangu

Miezi kadhaa iliyopita niliingia katika kibanda kimoja cha kuchora tatuu hapa Dodoma, nikiwa na picha ya kichala cha zabibu niliyotaka ichorwe upande wa ndani wa mkono, karibu na kifundo. Usafi siulalamikii, kwa kuwa pakiti ya sindano ilifunguliwa mbele ya macho yangu na glavu zilikuwa mpya. Kilichonichefua ni jibu moja.

Mwenye kibanda alipoanza mistari, nilihisi anachimba. Nikamwuliza kwa adabu, "Kaka, sindano haijazama mno?" Bila hata kuinua macho akasema, "Dada, fundi ni mimi. Wino usipodungwa chini kama sindano ya hospitali, utautoa wote bafuni." Waliokaa kwenye benchi wakacheka, nami nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakoniuma hadi leo.

Kwa maana hakuna kinachodungwa. Sindano ya tatuu haina tundu. Ni kifungu cha sindano nyembamba zilizounganishwa, wino ukang'ang'ania katikati yake kama unavyong'ang'ania kwenye nibu ya kalamu ya kuchovya, na zinapotoboa ngozi na kuchomoka, wino hunyonywa ndani ya vitobo zilivyoviacha. Shughuli yote huishia milimita 1 hadi 2 chini. Ukibaki katika tabaka la juu, ngozi hiyo hujivua baada ya wiki chache na kuondoka na wino wako. Ukifika tabaka la pili, seli za kinga huumeza na kubaki nao papo hapo. Ukipita hadi kwenye mafuta, wino hukosa wa kuushika, ukatambaa. Wangu umetambaa. Ngozi ya hapo ni nyembamba, jambo ambalo fundi alipaswa kulijua kabla yangu, na sasa kila punje ya zabibu ina ukungu wa bluu pembeni, kana kwamba nimepigwa rungu damu ikavilia.

Niliporudi kumwonyesha, alisema ngozi yangu ndiyo mbovu.

Haki niiseme: majani mawili yaliyochorwa na kijana wake, yeye alipotoka kupokea simu, yametulia, mistari yake myembamba kama uzi, juu ya ngozi ile ile mbovu. Nilipoanza kuandika haya nilikusudia kusema mtu asikanyage pale kabisa; kisha nikaona ni dhuluma kwa kijana, nikataka kusema nendeni, ila mwombeni yeye awachore. Lakini kila nikilikumbuka lile neno la ngozi mbovu, na kicheko cha benchi zima, ninarudi nilipoanzia: msiende. Kijana huyo akifungua kibanda chake, hata kiwe Kongwa, nitamfuata na mkono wa pili.