Gitaa la kulaza mapajani: kutoka duka la Hurumzi hadi kibanda cha Mlandege

Mtu akisikia jina la gitaa la chuma hudhani ni gitaa lililoundwa kwa chuma, na mimi nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Chuma kinachotajwa ni kile kinachoshikwa mkononi. Mpigaji hukaa, hulilaza gitaa mapajani nyuzi zikitazama juu, kisha mkono wa kushoto hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi huku mkono wa kulia ukizidonoa. Nyuzi hazikandamizwi hata kidogo, zimeinuliwa mbali na ubao, na ile mistari iliyochorwa kwenye shingo ni ya kuongozea macho tu. Upigaji huu ulianzia Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku wa kisiwa cha Oahu. Baadaye ulifika India ukaingia katika muziki wa filamu, ambako wapigaji kama Van Shipley walirekodi nyimbo za filamu kwa gitaa hili bila ya mwimbaji. Sisi tuliokuwa tukienda sinema ya Majestic, pale Vuga, mjini Unguja, tuliisikia sauti hiyo inayolia kama mtu kabla ya kujua inatoka kwenye ala gani.

Nimelieleza hilo kwanza kwa sababu ndilo lililonifanya nisimame mbele ya duka moja la vitu vya kale pale Hurumzi, nilipoliona gitaa la aina hiyo limening'inizwa baina ya saa ya ukutani na birika la shaba. Lilikuwa na urefu usiotimia mita moja, nyuzi sita ambazo mbili zilikuwa zimekwisha kukatika, na mwili wote ulifunikwa plastiki ya kijivu inayometameta kama lulu. Nembo ya mtengenezaji ilikuwa imeng'olewa, zikabaki tundu mbili za misumari. Mwenye duka alitaka shilingi 450,000. "Hili la enzi ya Sultani, maalim," aliniambia, "halipatikani tena." Neno hilo husemwa katika maduka yale juu ya kila kitu kisichokuwa na chaja, kwa hiyo sikulitia maanani. Tuliagana kwa shilingi 280,000 baada ya ziara ya tatu.

Kuhusu duka lenyewe nitasema kwa ufupi. Mwenyewe ni mtu wa maneno mazuri na hana haraka, aliniachia niligeuzegeuze gitaa kwa muda nilioutaka, na aliponiona nimetoa bisibisi hakuguna. Lakini hakuwa akijua anachouza, na bei aliyoitaja aliikisia kutokana na viatu vya mnunuzi. Pia alijaribu kunifungia pamoja na gitaa amplifaya ndogo ya Kimarekani kwa nyongeza ya shilingi 100,000. Nyuma yake pameandikwa volti 117, na umeme wetu ni wa volti 230. Mtu akiichomeka ukutani bila ya transfoma ya kupunguza, atanunua moshi. Nilipomweleza alisema mteja aliyetangulia hakulalamika, na mimi nikaiacha palepale.

Anayetaka kununua ala ya namna hii asitishwe na mambo ambayo yangeliua gitaa la kawaida. Shingo iliyopinda kidogo haina madhara makubwa, kwa kuwa hakuna kidole kinachokandamiza uzi juu yake. Mikwaruzo na plastiki iliyopasuka ni habari ya sura tu. Vitu vya kukagua ni vitatu: kwanza, mbao zilizo chini ya plastiki, kwa maana kisiwa hiki kina unyevu na wadudu, na ubao unaweza kuwa umebunguliwa ndani huku ganda lake likicheka; pili, funguo za kukazia nyuzi, ambazo hewa ya chumvi huzigandisha; na tatu, koili, yaani waya uliozungushwa, ya kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi. Mimi niligonga ubao kwa kifundo cha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho na kuusikia mzima. Funguo nne zilizunguka, mbili hazikutaka. Koili sikuweza kuipima dukani, na hapo ndipo nilipocheza kamari.

Fundi niliyempelekea ana kibanda Mlandege na kazi yake hasa ni kusuka mota za feni na pampu za maji. Nilimchagua kwa makusudi. Mafundi wa redio niliowauliza walitaka kutoa kila kilichokuwemo na kutia vitu vipya, na fundi mmoja wa samani alinishauri nikwangue plastiki yote nipake vanishi. Huyu wa mota alikaa kimya, akafungua skrubu moja moja, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio uleule zilivyotoka, kisha akaniuliza: "Baba, unataka lilie au unataka lipendeze?" Nilijibu nataka lilie.

Kinasa sauti ndicho kiini cha gitaa la umeme: sumaku, na juu yake waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara maelfu, hivi kwamba uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku huzalisha umeme mdogo ndani ya waya. Wapiga magitaa hukiita pikapu, na nilipolitamka neno hilo kibandani fundi alichungulia nje kutafuta gari. Aliweka mita kwenye ncha mbili za koili. Koili nzima ya aina hii husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) elfu kadhaa. Yetu haikusoma kitu, maana yake waya umekatika mahali fulani ndani. Kutu ya kijani ilikuwa imekula tabaka za nje karibu na pale waya ulipolehemiwa. Kwanza alijaribu kufungua mizunguko ya juu kutafuta mkato, na baada ya mizunguko mia mbili hivi akaona kuna mkato mwingine chini yake, akaamua kuisuka upya.

Waya unaohitajika una unene wa milimita 0.06 hivi, yaani kama unywele, na hapa mjini haukupatikana. Uliagizwa Dar es Salaam na ukachukua siku kumi na mbili. Kuusuka kulichukua jioni mbili: alikifunga kiunzi cha koili kwenye keekee ya mkono, mjukuu wake akazungusha, yeye akauongoza waya kwa vidole viwili vilivyopakwa unga wa chaki, na mimi nikapewa kazi ya kuhesabu. Nilipotea hesabu karibu na elfu nne, pale adhana ya magharibi ilipotoka, na kwa hivyo ile 6,500 tuliyoiandika ndani ya kifuniko ichukuliwe kwa tahadhari. Mita ilisoma omu 7,100, na hilo lilitosha.

Wakati kifuniko kiko wazi alinionesha kidhibiti cha sauti, kile kinachozungushwa kuongeza na kupunguza, ambacho nyuma yake pamepigwa namba 304531. Viwanda vya Marekani vilikuwa na desturi ya kupiga namba hizi: 304 ni alama ya kampuni ya Stackpole, 5 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na 31 ni wiki ya mwaka huo. Tarakimu moja ya mwaka huacha chaguo baina ya 1945 na 1955, na gitaa haliwezi kuwa limeundwa kabla ya kidhibiti chake. Katika miaka hiyo yote miwili aliyekuwa akitawala Zanzibar ni Sayyid Khalifa bin Haroub, aliyekaa kitini tangu 1911 hadi 1960. Mwenye duka alikuwa amesema kweli bila ya kujua, na nilirudi kumwambia. Alisikitika kwamba hakushikilia ile bei ya kwanza.

Makosa ya fundi yalikuwa mawili. La kwanza ni daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi upande wa mwilini. Alilitoa ili alisafishe kutu na alipolirudisha lilikaa milimita nne nyuma ya mahali pake, kwa kuwa tundu za skrubu zilikuwa zimelegea. Katika ala hii masafa baina ya kizingiti cha juu, kile kinachobeba nyuzi kwenye ncha ya shingo, na mstari wa kumi na mbili lazima yalingane na masafa kutoka mstari huo hadi kwenye daraja. Langu lina sentimita 57 na ushei, hivyo kila nusu ni sentimita 28 na nusu hivi. Kwa zile milimita nne, kila nilipoweka chuma juu ya mstari sauti ilitoka imeshuka kidogo. Alikubali bila ya ubishi, akazijaza tundu kwa vijiti vya mkangazi na gundi, akazitoboa upya.

Kosa la pili lilikuwa letu sote. Tulitia seti ya nyuzi za gitaa la kawaida kutoka dukani, nami nikazikaza kwa mtindo nilioutaka, ambao kutoka chini ni do, mi, sol, la, do, mi. Uzi wa sita wa seti ya kawaida, ulio mnene kuliko wote, umekusudiwa kukaa kwenye mi ya chini. Kuupandisha hadi do iliyo juu yake ni kuuvuta zaidi ya mara mbili ya mkazo wake wa kawaida. Ulikatika kwa mshindo, ukamchapa fundi mgongoni mwa mkono. Kwa mtindo huu uzi wa sita unafaa uwe wa unene wa inchi 0.036 na wa kwanza 0.015, zinunuliwe moja moja. Nilimwomba mpwa wangu aliyeko Uingereza aniletee.

Kipande cha chuma nilikipata bure kwa fundi wa magari wa jirani: pini ya pistoni, imenyooka, laini kama kioo, na kwa urefu inazifunika nyuzi zote sita. Ni nyepesi kidogo kwa kuwa ina uwazi ndani.

Sasa kuhusu sauti. Mimi ni mpigaji wa fidla, na ala isiyo na pasu, yaani vile vigawio vya shingoni vya kukandamizia nyuzi, hainitishi. Katika taarab tunazo sauti zinazokaa baina ya sauti mbili za piano. Katika Bayati, mojawapo ya maqamu (mipangilio ya sauti) ya Kiarabu, kwa mfano, sauti ya pili huangukia katikati ya mstari wa kwanza na wa pili ukihesabu kutoka sauti ya msingi, na gitaa la kawaida lenye pasu hulazimika kuivuta au kuiruka. Hapa unasimamisha chuma pale sikio linapotaka na inatoka safi, kisha unaitetemesha kidogo na inalia. Nilipolipeleka kwenye mazoezi, mpiga kanuni wetu, ile ala ya nyuzi nyingi, aliweka mikono mapajani akasikiliza ubeti mzima. Udhaifu wake ni kwamba chuma kimenyooka, kwa hiyo nyuzi zote huhama pamoja, na ukitaka kupiga sauti mbili zenye masafa ya Kiarabu kwa wakati mmoja hutoweza. Lifanye liwe sauti moja inayojibizana na fidla, nalo litakutosha.

Kwa kazi yote fundi alichukua shilingi 160,000, waya na nauli ya mzigo ndani yake, ambayo kwa jioni zile ni bei ya kindugu. Funguo mbili alizilainisha kwa mafuta ya taa na zinazunguka, ila moja bado hulegea usiku. Kuna mvumo ninapokaa karibu na taa ya tyubu, na hukoma nikiligeuza gitaa upande au nikiweka kiganja juu ya nyuzi. Anayetaka kumwendea afike baada ya alasiri, asiende Ijumaa, na achukue nyuzi zake mwenyewe.