Usukani Unaotetema: Nini Ununue Kwanza kwa Pikipiki ya Porini ya Zamani

Ukiendesha pikipiki ya silinda moja ya miaka ya 1970 kwa saa nzima, vidole vitakwambia. Vinaanza kuwasha, halafu vinakufa ganzi, na ukishuka hata kifungo cha koti kinakushinda. Anayevumilia hali hiyo miaka na miaka anaweza kuishia na vidole vinavyogeuka vyeupe kwenye baridi, maradhi yanayofahamika sana kwa wakata miti wa misumeno ya injini na wavunja zege.

Mkorofi mwenyewe ni pistoni. Uzito uliowekwa kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, husawazisha sehemu tu ya mtikisiko wake. Ukiuongeza ili kuua wa juu na chini, unazaa wa mbele na nyuma. Yamaha XT500, iliyoingia sokoni mwaka 1976, haina shafti ya kusawazisha (mhimili wa ziada wenye uzito wa kupinga mtikisiko huo), na haiko peke yake katika rika lake. Krenki ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, mikono yako inapigwa zaidi ya mara 80 kila sekunde.

Kabla hujafungua pochi, shika spana. Mimi nilinunua gripu mpya, mipira ya kushikia usukani, mara mbili kabla ya kugundua kwamba bolti moja inayoshika injini kwenye fremu ilikuwa imelegea. Kagua bolti zote za injini, pamoja na kile kipande kinachounganisha kichwa cha injini na fremu kama pikipiki yako inacho. Kisha, ukiwa kwenye mwendo mahali palipo wazi, bana klachi na uachie mafuta. Mtikisiko ukibaki vilevile, lawama ni ya tairi au rimu, wala usisome zaidi: kashughulikie gurudumu.

Nafasi ya kwanza: bushi za mpira chini ya usukani

Baadhi ya pikipiki hizi zina bushi za mpira, vipande vya mviringo vya kuzuia mtetemo, pale vishikio vya usukani (vile vinavyobana bomba lake) vinapoingia kwenye bamba la juu la foki, yaani miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Mpira wa miaka arobaini umekuwa mgumu kama kwato. Uubonyeze kwa ukucha: usipobonyea, au ukiwa na nyufa, umeshapata kazi ya kwanza. Hakuna kitu kingine katika orodha hii kinachokupa nafuu kubwa kwa fedha ndogo kiasi hiki, maana mtetemo unazuiwa kabla haujafika kwenye bomba la usukani.

Sokoni utakuta mpira wa kawaida na poliyurethani, aina ya plastiki ngumu inayonyumbuka. Poliyurethani inadumu na haiachi usukani ucheze ukitua kutoka kwenye tuta, lakini inapitisha mtetemo zaidi. Kwa safari ndefu chukua mpira. Kwa mashindano ya kuruka, poliyurethani. Hakikisha kile kibomba cha chuma cha ndani kimo. Kikikosekana, kila ukikaza nati unauponda mpira, na umerudi ulikoanzia.

Kama vishikio vyako vimefungwa chuma kwa chuma, vipo vishikio vya kubadilisha vyenye bushi ndani. Pima umbali kati ya matundu mawili kwanza. Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: pikipiki nyingi za zamani hutumia usukani wenyewe kama njia ya umeme kurudi kwenye fremu. Ukiweka mpira katikati umeikata njia hiyo, na swichi ya kuzimia injini inaweza kugoma siku unayoihitaji. Unganisha waya mwembamba kutoka usukani hadi kwenye fremu.

Nafasi ya pili: uzito ndani ya usukani

Hapa kuna vizito vya kuchomeka kwenye ncha, na kuna kamba nene ya mpira laini inayovutwa ndani ya bomba lote. Fahamu kinachotokea: uzito hauui mtetemo, unauhamisha. Usukani uliokuwa ukipiga kelele kwenye mizunguko 5,000 unaweza kuanza kulalamika mapema zaidi, labda kwenye mwendo usioutumia sana, labda kwenye ule unaoupenda kuliko yote. Jaribu bila gharama: pikipiki ikiwa imesimama, funga spana nzito kwa tepu kwenye ncha ya kushoto, pandisha mizunguko taratibu, ulinganishe na kabla ya kuifunga.

Kwa porini mimi napendelea kamba ya ndani. Vizito vinavyotokeza nje hunasa kwenye vichaka na hupinda ukianguka. Ukivitumia hata hivyo, acha nafasi ya milimita moja au mbili upande wa kulia, la sivyo vitasugua kishikio cha mafuta na hakitarudi ukikiachia. Hilo si la kubahatisha.

Nafasi ya tatu: gripu

Chagua mpira laini wa unene wa kati. Sponji ni tamu siku ya kwanza, kisha hunywa maji na tope na kuchanika. Gripu nene sana humlazimisha mwenye kiganja kidogo kubana kwa nguvu, na mkono unaobana ndio unaopokea mtetemo mwingi. Glavu zenye pedi vilevile: zisiwe nene hadi upoteze hisia ya breki.

Nafasi ya nne: usukani mpya

Wa alumini, mnene katikati, wa milimita 28.6, hunesa kidogo na mikono huushukuru. Lakini vishikio vya zamani ni vya milimita 22, kwa hiyo utanunua na vishikio vipya, na sura ya pikipiki ya zamani itakuwa imekwenda. Kama wako wa chuma umepinda, badilisha. Kama ni mzima, fedha hiyo iende kwenye bushi.

Ya mwisho: usukani wenye bawaba

Ule unaokunja kidogo juu ya vipande vya mpira ni mashine nzuri kwa mawe na makorongo, kwa kuwa hupokea mapigo makubwa ya polepole. Mvumo wa injini ni mdogo na wa haraka, na hiyo siyo kazi uliyotengenezewa hasa. Ni ghali kuliko yote yaliyotangulia. Ukiwa na viwiko vinavyouma kwa sababu ya mashimo, ununue. Ukiwa na vidole vyenye ganzi, rudi kwenye bushi.